Refa Namba Mbili wa Linah Chepkemoi

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku kubwa! Nimechaguliwa.

Linah, jirani yetu wa chumba cha mwisho hapa kwenye plot ya vyumba vya kupanga, alikuja jioni tukinywa chai. Akasimama mlangoni, hakutaka kukaa. Ameomba kazi ya askari wa wanyamapori kwenye hifadhi moja ng'ambo ya ziwa. Wenye hifadhi wanataka watu wawili wanaomfahamu vizuri, waulizwe yeye ni mtu wa tabia gani. Mtu kama huyo anaitwa refa. Akaniomba niwe mmoja wao.

Nilikuna kidevu kama mtu anayefikiria. Sikuwa nafikiria. Nilishakubali kabla hajamaliza.

Wanjugu, mke wangu, aliuliza kama refa hupewa filimbi. Nikanywa chai yangu.

Pigo moja tu: refa namba moja ni Nekoye, yule wa kukaanga samaki kando ya barabara. Mimi namba mbili. Mimi, Mbugua! Muuza gambuti za matope na miavuli, mwenyekiti wa plot (uchaguzi haujawahi kufanyika, lakini hakuna aliyepinga). Nilimwambia Linah huenda amekosea mpangilio. Akasema, hakuna mpangilio, Baba Sue, ni majina mawili tu. Msichana mpole. Mambo ya vyeo hayaelewi.

Halafu wazo likaja nikiwa nimeshika kikombe. Hifadhi ina askari. Askari wana miguu. Ziwa linafurika, matope kila mahali. Ni nani atawauzia gambuti? Mtu aliyewaletea askari bora kuliko wote! Kwa hivyo sifa za Linah lazima ziwe za ajabu. Tabia nzuri peke yake haitoshi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda kumpeleleza Nekoye. Nilijifanya nataka samaki. Nikauliza, kama kwa bahati, atamwambia nini afisa wa hifadhi akija kutuuliza.

Akageuza samaki. Akasema atasema alichoona.

Alichoona ni hiki. Tangu ziwa lipande, njia ya kwenda shamba la maua inapita katikati ya mahindi na maji. Usiku viboko hutoka kula, alfajiri hurudi, na ole wake atakayekuwa amesimama katikati. Mwaka jana Jonah wa chumba cha tatu alisimama katikati. Nyonga ilivunjika, mpaka leo anatembea kwa magongo. Tangu wiki ile, Linah huamka mapema na kuwasindikiza wanawake wanaokwenda kukata maua. Naye pia hukata maua huko, lakini hupita mbele yao wote. Hakutumwa na mtu. Na tangu wakati huo hakuna aliyeumia.

Nikauliza, halafu?

Nekoye akasema hakuna halafu.

Nimerudi nyumbani nikitikisa kichwa. Kutembea! Mtu aandikwe kazi kwa kutembea? Kuku pia hutembea. Na huyo ndiye refa namba moja!

Jumatano, 8 Oktoba

Niliamka gizani nikajionee mwenyewe. Wanjugu alidhani naumwa.

Nilijificha nyuma ya kibanda changu mpaka wakapita: wanawake wa shamba la maua, masweta na leso kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, na Linah mbele, mikono mitupu. Nikawafuata kwa mbali.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa kama mvuke juu ya sufuria ya uji. Migunga imesimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Ghafla Linah akainua mkono. Msafara mzima ukasimama. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hakuna aliyekohoa. Mimi nilitaka kupiga chafya nikaibana kwa mikono yote miwili.

Viboko wakatoka kwenye mahindi.

Sikuwahesabu. Nilisahau kwamba kuna kuhesabu. Migongo tu, ikipita ndani ya ukungu, kama mawe makubwa yaliyoamua kuhama. Mmoja alikuwa na mtoto ubavuni. Ardhi ilitetemeka chini ya gambuti zangu nyekundu. Wakaingia majini bila kishindo, wanyama wakubwa namna ile, na ziwa likafunga juu yao kama mlango. Kisha ndege mmoja akalia mbali. Linah akashusha mkono. Wanawake wakaendelea, na mmoja wao akaendeleza hadithi ya shemeji yake pale pale alipoikatiza.

Nimeishi hapa Karagita miaka yote hii. Kila asubuhi mambo haya yalikuwa yanafanyika. Nami nilikuwa nimelala.

Jioni nilimuuliza Linah kwa nini anataka kazi hiyo. Alikuwa anafua. Akafikiria kwanza. Akasema amekulia Elburgon, baba yake alipasua mbao kiwandani, na kila mwaka msitu ulikuwa unasogea mbali kidogo na nyumba yao. “Baba alikata miti, mimi nakata maua,” akasema. “Nataka kazi ambayo sitakata kitu.”

Nikamsaidia kukamua shuka. Mimi! Nilikamua mpaka povu lake likaisha.

Lakini usiku nimetumia akili. Afisa atakuja asubuhi moja tu. Je, viboko wakiwa wameshapita? Ataona nini? Msichana anatembea! Hapana. Siku hiyo kiboko lazima awepo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Afisa amepiga simu. Anaitwa Kipsang. Sauti ya mtu asiyecheka ovyo. Atafika kesho asubuhi kwa Nekoye, atatembea ile njia na Linah, kisha azungumze na sisi marefa. Nilianza kumweleza habari za gambuti. Simu ikakatika. Mtandao wa Naivasha!

Mipango yote tayari. Turubai la kijivu la kufunikia kibanda: ngozi. Patipati mbili kuukuu, ndala za bafuni: masikio. Mahindi mawili yaliyomenywa: meno. Nimekata matundu ya macho. Mimi nitakuwa kichwa na miguu ya mbele. Kabiru wa boda boda atakuwa nyuma. Nimemwahidi gambuti mpya. Aliangalia turubai, akaniangalia mimi, akasema, “Mzae, hii form ni noma.” Form ni mpango; noma, kwa vijana, ni hatari au ni nzuri sana, nadhani ni sifa.

Tutajificha kwenye mahindi. Jua litakuwa limeshatoka, viboko wa kweli wameshaoga zamani. Wakikaribia tunakoroma. Tunatokeza kichwa. Linah anatukemea. Tunakimbia. Afisa anaona kwa macho yake mwenyewe msichana anayefukuza kiboko kwa mdomo!

Linah sijamwambia. Angekataa. Watu wa tabia nzuri wana tatizo hilo.

Wanjugu ameuliza kwa nini nakoroma chooni. Nimemwambia ni kifua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nitaandika polepole.

Tuliingia kwenye mahindi mapema. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote, jua halikuonekana. Ndani ya turubai joto, giza, harufu ya patipati. Tukasubiri. Mwishowe nikasikia sauti zao njiani: Nekoye, Linah, na ile sauti isiyocheka.

Nikakoroma. Vizuri sana, nisijisifu.

Nikamsikia Kabiru nyuma yangu akivuta pumzi. Pumzi ndefu, nzito, yenye harufu ya nyasi zilizolowa. Nikamnong'oneza apunguze, asizidishe. Hakupunguza. Nikamwambia huu si mchezo wa kuigiza wa shule. Akapumua tena, na turubai likapepea mpaka kichwani mwangu.

Nikageuka kumkaripia. Nikachungulia kwenye tundu la jicho. Nikamwona Kabiru mbali kabisa, ng'ambo ya seng'enge, anakimbia kuelekea barabarani bila kiatu kimoja.

Sasa, ni nani aliyekuwa ananipumulia?

“Baba Sue.”

Ilikuwa sauti ya Linah. Ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi. Alikuwa ameziona gambuti zangu nyekundu zikitokeza.

“Baba Sue, usisimame. Usikimbie. Umekaa kati yake na maji.”

Nikauliza yuko wapi. Akasema nyuma yangu. Nikauliza ni mkubwa?

“Tambaa uje kwenye sauti yangu. Polepole. Jana mlikula nini?”

Nikasema githeri, mahindi na maharagwe.

“Ilikuwa na viazi?”

Nikasema ilikuwa navyo. Nikasogeza goti moja. Nyuma yangu kitu kilikanyaga bua la mahindi, na bua halikulia kama bua, lililia kama mfupa. Nikaacha kutambaa. Nilikuwa nimekwisha. Nilimwona binti yangu Sue akiwa mdogo, sijui kwa nini.

“Viazi vya wapi?” akauliza Linah.

Vya Njoro, nikasema. Goti jingine. Dada yake Wanjugu ndiye aliyeleta. Goti jingine. Na karoti. Akauliza kama Wanjugu huweka majani ya dania. Nikasema huweka nyingi mno, nimemwambia mara nyingi. Nikatoka kwenye turubai kama ndama anayezaliwa, likabaki nyuma yangu na masikio yake. Nikainua macho.

Linah alikuwa ameingia ndani ya mahindi. Alisimama wima mahali pa wazi, hatua chache upande wa pili, mikono imening'inia, ili yule mnyama amtazame yeye asinitazame mimi. Naye alikuwa anamtazama. Kichwa kile! Kikubwa kama mlango wa kibanda. Vijicho vidogo, vinyweleo puani, kovu refu shingoni. Alifungua mdomo. Sitaeleza nilichoona humo ndani. Meno yangu ya mahindi yalikuwa matusi.

Linah hakurudi nyuma. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, “Pita. Njia ni yako. Pita.” Kisha akahamia pembeni, kidogo tu, kama unavyompisha mzee kanisani.

Na akapita! Alipita kwenye turubai langu kana kwamba ni jani. Alipita karibu nami kiasi cha kunirushia matope usoni. Nilisikia tumbo lake likinguruma. Akaingia kwenye mafunjo, akaingia majini, mgongo ukazama, mapovu yakaja juu, yakaisha. Ziwa likatulia kama halijawahi kuwa na kitu.

Nililala kifudifudi. Sikutaka kuamka. Sijawahi kuona kitu kikubwa hivyo kikimsikiliza mtu. Wala sijawahi kuona mtu mdogo hivyo akisimama hivyo.

Halafu Kipsang akaja. Akaokota turubai. Akaokota patipati moja. Akaiangalia mbele na nyuma.

Akauliza hii ni nini.

Nikasema nilikuwa nakagua mahindi. Akauliza, ndani ya turubai? Nikasema kwa sababu ya umande. Akauliza, lenye macho? Nikasema nondo walitoboa. Nekoye akafunga macho.

Kipsang akamgeukia Linah. Sauti ikawa baridi. Akamuuliza kama huu ni mpango wao wawili, maana hifadhi haina nafasi ya watu wanaochezea wanyama na kuhatarisha maisha ili waonekane mashujaa. Linah hakujitetea. Alikuwa ameketi chini. Ndipo nikaiona mikono yake. Ilikuwa inatetemeka mpaka akaikalia. Midomo nayo imekauka.

Kumbe aliogopa! Muda wote ule wa viazi na dania alikuwa anaogopa kama mimi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuogopa hivyo na bado akasimama. Nilidhani jasiri ni mtu aliyepungukiwa na woga, kama mwingine anavyopungukiwa na damu.

Na kazi yake ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu, kwa sababu ya patipati zangu.

Nikasimama. Nikasema, “Boss, huyu hakujua lolote. Ni mimi. Yeye ungemuuliza angekataa, ndiyo maana sikumuuliza.”

Kipsang akaniangalia kutoka juu mpaka chini. “Wewe ndiye refa namba mbili?”

Nikasema ndiyo.

“Haya. Sema basi. Ni mtu wa tabia gani?”

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeikariri: mwadilifu, mchapakazi, simba jike wa Karagita. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Matope tu.

“Nilikuwa pale chini,” nikasema. “Sasa niko hapa.”

Hayo tu! Kati ya maneno yote ya dunia! Kipsang akanirudishia patipati. Akamwomba Nekoye watembee pamoja mpaka mwisho wa njia. Wakaondoka. Sikualikwa.

Nimeharibu.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani walinong'ona juu yangu. Mtoto mmoja alikoroma nilipopita. Kabiru ananikwepa, ingawa amenitumia ujumbe kuuliza gambuti ziko wapi.

Wanjugu hajanigombeza. Amekaa kitandani akashona lile turubai, matundu yote mawili. Kisha akaenda chumba cha mwisho na bakuli la githeri lililofunikwa. Akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema kama kiboko angeniua, yeye mwenyewe angeniua tena. Akasema pia kwamba dania atazidisha.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeenda kwenye njia alfajiri. Nilitaka kumwomba Linah msamaha mbele ya watu, nilikuwa nimeandaa maneno. Nilipofungua mdomo akaweka kidole midomoni mwake. Akanionyesha nyuma ya mstari.

Nikakaa nyuma, baada ya mama mmoja mwenye sweta ya kijani. Tukatembea. Alipoinua mkono nikasimama. Viboko walipotoka kwenye mahindi sikujificha nyuma ya mtu. Yule mwenye kovu shingoni alikuwepo. Nilimjua! Alipita taratibu, ukungu ukimfungukia, na nywele zangu zikasimama zote, hata za mikononi. Yule mama akanishika kiwiko, nadhani kwa ajili yangu si kwa ajili yake.

Sikusema neno njia nzima. Wanjugu hakuamini mpaka Nekoye alipomthibitishia.

Linah ameniambia hajasikia lolote kutoka kwa hifadhi. Akasema si kitu, waridi za kukata bado zipo. Alisema hivyo akitabasamu. Sijakula mchana.

Alhamisi, 16 Oktoba

AMEPATA!

Simu iliingia akiwa anachota maji. Mtungi ukaanguka, akalia, Nekoye akalia, Jonah akagonga magongo yake ukutani mpaka plot nzima ikatoka. Nikamkumbatia hata yule mpangaji nisiyezungumza naye. Ataanza Jumatatu.

Linah alimpa Nekoye simu, Kipsang alitaka kumshukuru. Amesema kilichompa Linah kazi ni ile habari ya njia: alirudi Jumatatu alfajiri bila kumwambia mtu, akasimama mbali, akaona mstari wote ukisimama kwa mkono mmoja. Mtu anayeaminiwa hivyo bila kutumwa, akasema, hafundishwi chuoni.

Kisha nikaomba simu nami. Kipsang alipumua kwanza. Akasema ana jambo moja la kuniambia: kwamba maneno yangu machache ameyakumbuka, ila nisirudie tena maishani mwangu nilichofanya. Nikamwahidi. Nikamuuliza kuhusu gambuti. Akasema askari wote wana viatu. Mtandao ukakatika tena.

Nimelitafakari jambo hili usiku. Tuseme ukweli. Nekoye alisimulia kutembea. Nani aliyeleta kiboko? Asingesikia mkoromo wangu, yule mnyama angechelewa mahindini? Nadhani hapana. Nadhani aliitika. Kwa unyenyekevu wote, kazi hii nimempatia mimi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Siku ya Mashujaa. Hotuba kwenye redio tangu asubuhi. Sikutajwa, lakini hawajui.

Linah aliondoka jana na begi moja na godoro lake kwenye pikipiki. Kabla ya kupanda aliwaonyesha wanawake wawili wa shamba la maua mahali pa kusimama na mahali pa kungoja. Leo alfajiri mmoja wao aliinua mkono, na mstari ukasimama. Nilikuwepo.

Na sasa habari kubwa. Natalie, yule msusi wa karibu na posta, ameomba kusomea huduma ya kwanza. Anataka mtu wa kusema kwamba ni mwaminifu na hachelewi. Amesikia habari zangu! Nimekuwa refa namba MOJA. Nimemwambia aniachie mimi, asijali chochote.

Mwaminifu na hachelewi! Nani atashtuka kwa hayo? Wakuu wa chuo watapita kwake Alhamisi. Lazima waone kwa macho yao. Lazima mtu azimie mlangoni mwa saluni, vibaya sana, macho juu, na Natalie amrudishe duniani.

Natalie sijamwambia.

Nimeanza mazoezi kando ya kabati. Mara ya kwanza nimeanguka vizuri. Mara ya pili kabati limenifuata. Wanjugu anauliza kutoka jikoni ni nini hicho. Nimemwambia ni kifua.

Goti limevimba. Naendelea.